Neno Lililokatwa Kichwa

Kazi ya kuinua vitu vizito ina adabu zake. Anayeinua haongei, anayeongea hainui, na aliye chini ya mzigo lazima awe na mtu mmoja anayemwamini kuliko macho yake mwenyewe. Kwa Fundi, mtu huyo alikuwa mdogo wake wa kike, ambaye kazini walimwita Sindano.

Jina hilo hakulipata kwa wembamba, maana alikuwa mtu wa mwili wake. Alilipata kwa sababu aliweza kuelekeza jenereta nzima ipite kati ya kuta mbili kama anayetunga uzi, isikwaruze hata rangi. Kaka yake ndiye aliyemfundisha, uani kwao, kwa ndoo ya maji na kamba iliyopitishwa juu ya boriti. "Kiganja chini, teremsha. Kidole juu, pandisha. Ngumi, simamisha. Ukiona ngumi, hata kama marehemu babu anapita barabarani anakusalimia, simamisha kwanza, salamu baadaye." Sindano alicheka, akakunja ngumi, na ndoo ikatulia hewani. Wakati huo neno la kazini lilisemwa kwa mkono, na mkono haukatikii njiani.

Kisha kampuni ikaleta chumba.

Msidhani ni chumba cha matofali. Unakaa kwenye kiti chako, unavaa miwani mizito inayofunika nusu ya uso, unashika vishikio viwili, na papo hapo unajikuta umesimama juu ya paa la jengo ambalo hujawahi kulikanyaga, jua linawaka na mzigo unaning'inia mbele yako. Kamera zilizofungwa kule paani huchukua kila kitu na kukimwaga chumbani. Mwendesha winchi, waliyempa jina la Rubani, alikaa mji mwingine na kuiendesha winchi kutoka huko huko. Msimamizi alikuwa nyumbani kwake, na wakati mwingine ulimsikia akifukuza kuku. Sindano alikuwa ofisini, kwenye kichumba chenye feni inayolalamika. Wote watatu walikutana juu ya paa wakiwa vinyago, sura za kuchongwa na mashine, zinazotabasamu hata mwenyewe akiwa anaumwa jino. Fundi peke yake ndiye aliyekuwa pale kwa nyama na mifupa, kwa sababu kukaza nati bado kunataka mikono. Yeye hakuvaa miwani. Alivaa kofia ngumu na kidude cha kusikilizia sikioni, akawasikia wenzake bila kuwaona. Watu wanne waliuzunguka mzigo mmoja, na kati yao mwenye mguu wa kupondwa alikuwa mmoja tu.

Msimamizi alikipenda chumba kile kama mtu anavyopenda mtoto aliyezaliwa uzeeni. "Usalama, jamani," alikuwa akisema. "Mtu ataumiaje amekaa kwenye kiti?" Swali zuri, ila lilikuwa la watu watatu kati ya wanne.

Kasoro ya kwanza ilikuwa mikono. Kwa kuwa kila mtu ameshika vishikio, kila kinyago kilikuwa kimekunja ngumi saa zote, wakisalimiana, wakibishana, hata Rubani akijikuna. Ngumi ikawa haisemi kitu tena. Wakaambiwa waache mambo ya mikono, watumie midomo.

Kasoro ya pili waliicheka. Maiki za mle chumbani zilikuwa zinasinzia mtu akinyamaza, ili feni na kuku visiingie kwenye mazungumzo. Mtu akianza kusema ndipo maiki inazinduka, na ikizinduka imeshachelewa, kipande cha kwanza cha neno kimekwenda zake. Kwa Rubani haikuwa taabu. Sauti yake nene, na hawezi kuomba hata chumvi bila kuanza na "sasa sikilizeni, jamani". Ikiliwa ile "sasa", nani ataililia? Lakini Sindano alikuwa na sauti ya chini, na kazini alikuwa mtu wa neno moja. Siku ya kwanza alisema "simama", na wenzake wakasikia "mama".

"Mama yupi?" akauliza Rubani. "Wako au wangu?"

"Simama," akarudia Sindano.

"Mama," chumba kikasema tena, na juu ya kichwa cha kinyago chake yakatokea maandishi meupe: *Mama*. Chumba kilikuwa na mtindo huo wa kuandika juu ya kila kichwa kile kinachosemwa, ili asiyesikia asome. Wote wenye miwani waliyaona isipokuwa mwenye kichwa, maana mtu hawezi kuona utosi wake. Kule paani Fundi alicheka mpaka akakaa juu ya sanduku la nati. "Mdogo wangu, mama alishatutoka. Mwache apumzike."

Kwa wiki nzima wakamtania. Wakikutana asubuhi, vinyago viwili vinamwita "mama" kwa pamoja, naye anajibu "wanangu, mmekula?" Ulikuwa utani mzuri, wala hakukasirika. Hata hivyo alimwendea Msimamizi akamwambia jambo lile si la kucheka, maiki zinakula maneno. Mdharau mwiba mguu huota tende, lakini Msimamizi hakuwa na mwiba, na mguu haukuwa wake. Akatoa dawa. "Acheni vijineno vifupi. Taja kitendo chenyewe. Ipandishe. Ishushe. Kama hutaki ishuke, sema usiishushe. Neno refu hata likimegwa, linabaki la kueleweka."

Ilisikika ni akili. Sindano mwenyewe alikubali, na kwa miezi kadhaa dawa ilifanya kazi, kwa sababu kwa miezi hiyo hakuna aliyehitaji kukataza kitu kwa haraka.

Siku yenyewe walikuwa juu ya paa la kiwanda cha sabuni, upande wa pili wa mji aliokaa Sindano. Asubuhi tulivu, haina upepo. Jenereta ilikuwa imeshashuka vizuri, imebaki kimo cha goti juu ya msingi wake wa zege, Fundi alipoona kipande cha ubao kimesahaulika juu ya msingi. Akapiga goti, mguu wa kulia ukatangulia chini ya mzigo, jambo ambalo siku zote aliwafokea wengine wakilifanya, akanyoosha mkono auvute ule ubao. Hakuwa na wasiwasi. Anayeangalia ni Sindano.

Kinyago cha Rubani kilikuwa upande wa pili, kinaona bati la jenereta tu. "Sasa Sindano, niishushe?"

"Usiishushe," akasema Sindano. Alilisema kwa utulivu, kama alivyosema kila kitu.

Jenereta ikashuka.

Aliiona ikishuka. Akapiga kelele, na kelele zake zikafika zote, maana sasa maiki ilikuwa macho, ila zilikuwa kelele tu, hazina neno. Akainua ngumi juu kabisa kama alivyofundishwa uani kwao, lakini kinyago chake kilikuwa na ngumi tangu asubuhi, Rubani angeona nini kipya? Na alichokiona kuliko vyote ni kaka yake. Badala ya kuvuta mguu, Fundi alikuwa ameinua uso. Alitazama juu kwenye kamera, anamtazama yeye. Hakuwa na sura ya kuogopa. Alikuwa na sura ya mtu aliyeitwa kwa jina lisilo lake.

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Huyu alisikia, na guu likavunjika vilevile.

Sindano akaivua miwani. Ofisini feni ilikuwa inazunguka na chai yake ilikuwa bado inatoa mvuke. Akaivaa tena, akakimbia pale paani kwa miguu ya kinyago, akapiga magoti kando ya kaka yake aliyekuwa anatetemeka, akamshika bega. Mkono ukapita katikati ya bega kama unapita kwenye moshi. Akajaribu tena, kwa upole, kana kwamba kosa ni la haraka. Fundi hakuwa na miwani. Hakujua kwamba mdogo wake yuko pale, karibu kuliko daktari yeyote, analia.

Walimkata mguu chini ya goti.

Alipopona kiasi cha kuzungumza, Sindano alikwenda hospitali na machungwa aliyoyamenya nyumbani, kwa kuwa hakujua aende na nini. Wifi yake, mke wa Fundi, alimpisha kwenye kiti akasimama mlangoni. Fundi aliyatazama machungwa, akamtazama mdogo wake, na akauliza swali lake bila kulizungusha.

"Ulisema ishushe kwa nini?"

"Nilisema usiishushe, kaka."

"Nilikusikia."

"Ilikatwa mbele. Kama ile ya mama. Unakumbuka mlivyonicheka? Maiki ilikula ile 'usi', kilichobaki ni 'ishushe'. Ndicho mlichosikia wote."

Fundi alifikiri, na alifikiri kweli, kwa sababu hakuwa mtu wa kupenda kumwona mdogo wake ana hatia. Lakini kuna vitu mtu akivisikia kwa sikio lake, maelezo hayavifikii. "Mdogo wangu, mimi sina kinyongo. Watu hukosea. Macho yanachoka, ulimi unateleza. Ila usinifanye mtoto. Sauti ni yako, neno ni zima, halikukatika wala halikukwaruza. Unajua mguu ningeutoa? Nafasi ilikuwepo. Niliposikia wewe ndiye unasema ishushe, nikainua kichwa nikutazame. Nilitaka tu kukuona."

Kisha akageukia ukutani. Machungwa yakabaki kwenye sahani.

Wifi yake alimsindikiza mpaka kwenye ngazi. Alikuwa mwanamke mwenye maneno machache, na siku hiyo macho yake yalikuwa mekundu. "Wifi, mimi sijui mambo ya mashine zenu. Najua kwamba mume wangu halali. Akifumba macho anakusikia. Haulilii mguu, huo ameshauzika. Anachojiuliza ni kwa nini unakana. Anasema, mtoto niliyemfundisha mimi, mbona hawezi kuniambia ukweli?"

"Nimemwambia ukweli."

"Basi mwambie mwingine," akasema wifi yake, na hakuwa anatania.

Tangu siku hiyo Sindano akawa na haja moja tu duniani. Kazi ikienda, iende. Alitaka kaka yake asikie lile neno lote, tangu kichwa chake. Akampigia Rubani. Rubani naye alikuwa na hofu zake, kwa kuwa kidole kilichoshusha mzigo kilikuwa chake, na mtu mwenye hofu hukumbuka kidogo. "Sasa dada, ile ya mama tulikuwa tunataniana tu. Mimi siwezi kwenda kusema mbele ya watu kwamba mashine inakula maneno. Wakiniuliza kwa nini sikutoa taarifa?" Msimamizi, yule wa dawa ya maneno marefu, hakupokea simu kabisa. Likabaki tumaini la baraza la uchunguzi, ambalo kampuni iliahidi litasikiliza kila upande.

Baraza likaitishwa. Likaitishwa wapi? Mle mle chumbani, kwa kuwa tukio lilitokea humo, na kwa kuwa kila mtu angeweza kuhudhuria bila kusafiri, hata mgonjwa kitandani kwake. Sindano aliomba mara mbili wakutane ana kwa ana, kwenye meza ya kawaida. Akajibiwa kwa heshima kwamba kila kitu kitarekodiwa ili haki ionekane.

Basi akajiandaa. Alikuwa ameshagundua kwamba maiki ikitupiwa kitu cha kutafuna kwanza, hukiacha kinachofuata. Akajizoeza kuanza kila sentensi kwa "naam, naam". Alifanya mazoezi jikoni, anaosha vyombo, naam naam, nilisema usiishushe, naam naam, mpaka mumewe akauliza anaitwa na nani.

Siku ya baraza walisimama tena juu ya lile paa, vinyago vyote vikitabasamu. Mwenyekiti alikuwa Afisa Usalama kutoka makao makuu, mama wa makamo, mpole na mwenye subira, na hilo ndilo lililokuwa baya zaidi. Angekuwa dhalimu, Sindano angejua pa kumshikia. Kinyago cha Fundi kilikuwepo pia, kwa kuwa safari hii hospitali ilimvalisha miwani. Chumba kilikuwa kimemchonga na miguu yote miwili. Hakuna aliyekuwa amefikiria kurekebisha.

Wakarudisha tukio. Jenereta ikaning'inia, Fundi wa siku ile akapiga goti mbele ya Fundi wa leo, na sauti ya Rubani ikauliza, "Sasa Sindano, niishushe?" Halafu ikaja sauti ya Sindano, safi, tulivu, haina hata mkwaruzo: "Ishushe." Juu ya kichwa cha kinyago chake cha siku ile, ambacho leo aliweza kukiona kwa kuwa alikuwa amesimama nje yake, maandishi meupe yakasema *Ishushe*. Wakarudia. Wakarudia tena polepole. Kila walivyorudia, Sindano mwenyewe alianza kuogopa, maana alikuwa anajisikia kwa masikio yake akisema jambo ambalo hakulisema, na sauti haikuwa ya mtu mwingine.

"Naam, naam, nilisema usiishushe," akaeleza. "Naam, naam, maiki hizi hulala. Zikiamka zinakuta mwanzo wa neno umepita. Naam, naam, katazo lote liko pale mwanzoni."

"Tumewauliza mafundi wa mitambo," akasema Mwenyekiti. "Wamesikiliza kila kilichorekodiwa. Hiyo 'usi' haimo."

"Naam, naam, haiwezi kuwemo. Kinachorekodiwa ni kile kilichobaki."

"Kwa hiyo ushahidi wa kwamba ulisema ni kwamba haupo?" Hakuuliza kwa kejeli. Alitaka kuelewa, na vinyago vingine viliinamisha vichwa kama watu wanaotaka kuelewa. Rubani akaulizwa kama amewahi kupata shida ya sauti. Akasema, "Sasa mheshimiwa, kwa upande wangu sijawahi," na hilo lilikuwa kweli tupu.

Mwenyekiti akashusha pumzi. "Dada, nakuomba jambo moja. Hii naam naam inafanya majibu yako yaonekane ya kuvuta muda, na mgonjwa wetu amechoka. Nitauliza swali la mwisho kwa ajili ya kumbukumbu, na ujibu kwa neno moja tu, lisiwe na utangulizi. Je, unakubali kwamba wewe ndiye uliyetoa amri ya kushusha mzigo? Unakubali au hukubali?"

Sindano aliuona mtego, naye aliyeutega hakujua kuwa ni mtego. Akakohoa ili kuiamsha maiki, lakini kikohozi nacho mle chumbani huhesabiwa kelele, kikachujwa. Angepaza sauti, ila hakuwa na sauti ya kupaza. Akamtazama kaka yake, kile kinyago chenye miguu miwili. Akalisema neno kwa nguvu zote alizokuwa nazo.

"Sikubali."

Halafu akaona vichwa vikishuka taratibu, kimoja baada ya kingine, kwa namna ya huruma. Kinyago cha Rubani kikageuka pembeni. Sindano alidhani wamemsikia. Kwa muda mfupi sana, muda wa kumeza mate, alifurahi.

Kinyago cha Fundi kikasogea mbele. Sauti iliyotoka ilikuwa ya mtu anayelia na hataki ijulikane.

"Asante, mdogo wangu. Asante kwa kukubali. Nilichokuwa nakingoja ni hicho tu. Nimekusamehe, mbele ya hawa wote nimekusamehe, na nawaomba wasikufuatilie zaidi."

Hakuhitaji kuambiwa kilichoandikwa juu ya kichwa chake. Mashine ilikuwa imekula ile "si", ikabaki "kubali", na kwa kuwa ni mashine yenye bidii, ikatafuta mwanzo wa kuibandika. *Nakubali*. Akafungua mdomo, akasema, akapiga kelele, lakini Mwenyekiti alikuwa ameshazifunga maiki za wengine wote ili mgonjwa azungumze bila kukatizwa. Alimwona Mwenyekiti akishukuru. Alimwona Rubani akiinua ngumi yake kumuaga. Kisha paa likazimika, na Sindano akajikuta anaipigia kelele feni.

Alitoka hivyo hivyo, na alama ya miwani imebaki kwenye paji la uso, akaenda hospitali. Njia nzima aliyapanga maneno. Huko hakuna maiki. Huko kuna masikio mawili ya kaka yake na hewa ya kawaida, na kwenye hewa ya kawaida neno hufika na kichwa chake. Angeanza na lile "sikubali", halafu lile la mwanzo. Angerudia mpaka asubuhi ikibidi. Angepiga magoti.

Wifi yake alikuwa kwenye benchi nje ya wodi. Alisimama, akamkumbatia kwa nguvu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya hata siku ya harusi. "Wifi, Mungu akubariki. Amelala. Alivua ile miwani yao, akasema 'amekubali', akalala hapo hapo kama mtoto. Tangu ajali sijamwona hivi. Amekula hata wali." Akafuta macho kwa ncha ya kitambaa. "Umemtua mzigo."

Sindano alitaka kusema kitu pale pale, lakini mwanamke yule alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja. Akaingia wodini kimya kimya, akakaa. Chini ya blanketi palikuwa na umbo la mguu mmoja na kisha bapa. Alimwangalia kaka yake akipumua. Uso ulikuwa umelegea, ile mikunjo ya kwenye paji imetoka, anafanana na yule wa zamani aliyekuwa akivuta ndoo uani na kumfokea kwa mzaha.

Fundi akafumbua macho. Alipomwona alitabasamu, na hilo lilikuwa tabasamu la mtu.

"Umekuja."

"Nimekuja, kaka."

"Nilidhani nitapata wazimu, mdogo wangu. Sikufichi. Nilikuwa najiambia, ama sikio langu limeharibika, ama mdogo wangu amekuwa mwongo. Sijui lipi lingekuwa baya zaidi. Kumbe ni kosa tu. Kosa naliweza. Kosa ni la kila mtu." Alijaribu kujiinua, akashindwa, akacheka kidogo kwa kushindwa kwake. "Lakini kule ni kwenye mashine. Niambie hapa, kwa mdomo wako, niridhike. Kweli ulikubali?"

Dirisha lilikuwa wazi. Wodi ilikuwa tulivu kiasi kwamba uliweza kusikia muuguzi akikunja shuka kitanda cha tatu. Hapakuwa na kitu kati ya mdomo wake na sikio la kaka yake, na neno lolote ambalo angelisema lingesikika tangu mwanzo wake. Alilitafuta lile neno lake. Lilikuwepo, zima. Mlangoni wifi yake alikuwa amesimama, ameshika sahani tupu ya wali kwa mikono miwili.

"Nilikubali, kaka," akasema Sindano.

Fundi akafumba macho, akashusha pumzi ndefu. Mkono wake ukapapasa juu ya blanketi ukitafuta wa mdogo wake, ukaukuta pembeni mwa kitanda, umeinuliwa kidogo, umekazwa mpaka vifundo vimekuwa vyeupe.

"Mbona umekunja ngumi?" akauliza kwa sauti ya usingizi. "Yamekwisha haya."

Akaifungua, kidole kimoja kimoja, akaushika mkono wake, na akarudi kulala.